Bomba la bafuni limevuja na dari ya jikoni imeanguka: je, bima ya nyumba inaweza kukataa kulipa?

Swali: Nyumba yetu iko Columbus, Ohio, na bafu la watoto liko ghorofani, juu kabisa ya jikoni. Mwezi uliopita dari ya jikoni ilivimba, ikapasuka, na maji yakamwagikia makabati. Fundi bomba alipofungua ukuta wa bafu alikuta bomba la shaba linalopeleka maji kwenye bomba la mvua limetoboka tundu dogo. Alisema pia kwamba vigae vya sakafuni vimeanza kuachia. Tulidai fidia, mtathmini akaja, na sasa kampuni imetuandikia kwamba haitalipa kwa sababu huo ni "uvujaji wa muda mrefu". Tumelipa ada kwa miaka yote bila kukosa. Je, wana haki hiyo? Na kama wanapaswa kulipa, ni kitu gani hasa wanacholipia?

Jibu: Ndugu msomaji, poleni sana kwa hasara hiyo na kwa adha ya kuishi na watoto katika nyumba iliyofunguliwa dari. Kwa ufupi, barua hiyo si neno la mwisho, na kwa maelezo mliyoyatoa naona mna hoja ya kweli ya kudai, ikiwa si fidia yote, basi sehemu yake kubwa. Hata hivyo, hoja hiyo itasimama kwa maneno yaliyomo katika mkataba wenu na kwa ushahidi wa muda ambao maji yalikuwa yakivuja. Miaka mliyolipa ada bila kukosa inawapa haki ya kusikilizwa, lakini haibadilishi maana ya kipengele hata kimoja.

Wengi wetu tulifika Marekani tukiijua bima ya gari peke yake, na hii ya nyumba tukaikuta kwa sababu benki iliyotukopesha iliilazimisha. Matokeo yake ni kwamba mkataba hutiwa kabatini bila kusomwa hadi siku ya msiba. Sehemu kubwa ya mikataba ya nyumba za familia nchini humo hufuata mfano uitwao HO-3, ambao maneno yake ya msingi hutungwa na Insurance Services Office, na kila kampuni huuchukua na kuurekebisha inavyotaka. Mfano huo unalinda jengo lenyewe dhidi ya kila hasara ya moja kwa moja isipokuwa ile iliyotajwa kuwa hailindwi, ilhali vitu vilivyomo ndani, kama fanicha na nguo, vinalindwa dhidi ya majanga yaliyoorodheshwa tu. Tofauti hii ina uzito mkubwa kwenu. Dari, kuta, sakafu na makabati yaliyogongomelewa ukutani ni sehemu ya jengo, kwa hiyo ninyi mnatakiwa kuonyesha kwamba hasara imetokea wakati mkataba ukiwa hai, na kampuni ndiyo inayotakiwa kuthibitisha kwamba hasara hiyo imeangukia katika kipengele kinachoiondolea wajibu.

Hayo si maoni yangu binafsi. Mahakama Kuu ya Ohio iliamua mwaka 1980, katika shauri la Continental Insurance Company dhidi ya Louis Marx & Company, kwamba kampuni ya bima inayotegemea kipengele cha kuondoa ulinzi ndiyo inayobeba mzigo wa kukithibitisha. Mwaka 1988, katika shauri la King dhidi ya Nationwide, mahakama hiyo ilikazia kwamba maneno ya mkataba yanayoweza kueleweka kwa namna zaidi ya moja husomwa kwa kumpendelea mteja, kwa kuwa hakuyaandika yeye. Kwa hiyo mnapoijibu barua ya kampuni, msianze kwa kujitetea. Anzeni kwa kuitaka ioneshe ni kipengele kipi, ukurasa upi, na ushahidi gani. Kanuni za bima za Ohio, katika kifungu cha 3901-1-54, zinakataza kampuni kukataa madai kwa kutegemea sharti au kipengele fulani bila kukitaja katika barua ya kukataa. Ikiwa barua yenu inasema tu "uvujaji wa muda mrefu" bila kunukuu mkataba, hiyo peke yake ni kasoro ya kuitaja kwa maandishi.

Sasa tuingie katika mkataba. Mtakuta mahali panaposema kwamba kampuni hailipii uchakavu, kutu, kuoza na kasoro zilizojificha. Watu wengi wakisoma hapo hukata tamaa, kwa sababu bomba lililotoboka ni bomba lililochakaa, na wanadhani mjadala umekwisha. Endeleeni kusoma. Katika mfano wa HO-3, baada ya orodha hiyo, yapo maneno yanayorudisha ulinzi pale maji yanapotoka kwa bahati mbaya ndani ya mfumo wa mabomba ya nyumba, mfumo wa kupasha joto au chombo cha nyumbani. Maana yake ni hii: bomba lenyewe lililoliwa na kutu hamlipwi, lakini hasara iliyoletwa na maji yaliyotoka humo inalipwa, pamoja na gharama ya kuvunja na kurudishia sehemu ya jengo ambayo lazima ivunjwe ili fundi alifikie bomba. Nimewaona watu wakijilipia ukuta mzima wa bafu kwa kutojua kwamba ukuta huo, uliovunjwa ukiwa mkavu na mzima ili bomba litengenezwe, unaingia katika fidia.

Kikwazo chenu kipo katika kipengele kingine, ambacho kampuni nyingi hukiongeza zenyewe. Toleo la HO-3 la mwaka 1991 liliondoa ulinzi kwa maji yanayovuja au kupenya mfululizo au kwa kurudiarudia katika kipindi cha wiki, miezi au miaka. Matoleo ya baadaye ya mfano huo yaliyaacha maneno hayo, lakini makampuni mengi yaliyarudisha kwa namna yao, na siku hizi ni kawaida kukuta kwamba uvujaji uliodumu siku 14 au zaidi haulindwi. Mikataba mingine huongeza kwamba hata hivyo hasara italindwa ikiwa uvujaji ulikuwa umefichika ndani ya ukuta, juu ya dari au chini ya sakafu na mwenye nyumba hakuujua. Mingine haina huruma hiyo. Ndiyo maana siwezi, na hakuna mtu mwingine awezaye, kuwapa jibu la uhakika bila kuona maneno yenu. Iandikieni kampuni iwape nakala kamili iliyothibitishwa ya mkataba uliokuwa hai siku ya hasara, pamoja na kurasa zote za nyongeza, kwa kuwa kipengele hiki mara nyingi hukaa kwenye nyongeza na wala si kwenye mkataba wa msingi.

Tuchukulie kwamba mmekikuta kipengele cha siku 14 na kwamba hakuna msamaha wa uvujaji uliofichika. Hata hapo mlango haujafungwa. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Florida, katika shauri la Hicks dhidi ya American Integrity, ilikutana na mpira wa maji wa jokofu uliovuja kwa zaidi ya wiki tano. Kampuni ilikataa kulipa chochote kwa sababu siku 14 zilikuwa zimepita. Mahakama ikasema kwamba maneno ya mkataba huo hayakuondoa waziwazi hasara iliyotokea katika siku 13 za mwanzo, kwa hiyo hasara ya siku hizo ililindwa. Hukumu ya Florida hailazimishi mahakama za Ohio, lakini hoja yake ni ya kimantiki na inaweza kuwekwa mezani, hasa ikiambatanishwa na kanuni ya King niliyoitaja. Kwa maoni yangu, kampuni inayokataa hasara yote kwa ujumla, bila hata kujaribu kutenganisha ya mwanzo na ya baadaye, haijamaliza kazi yake ya uchunguzi.

Lakini kabla ya kubishana kuhusu sheria, shughulikieni ushahidi, kwa sababu madai mengi ya namna hii huamuliwa hapo. Mtathmini hakuwapo siku tundu lilipofunguka. Alisoma muda kutokana na alama, na alama hizo zinaweza kusomwa na mtu mwingine pia. Mbao iliyolowa kwa siku chache huwa nyeusi kidogo na nzito, lakini ukiichoma kwa bisibisi haibonyei. Mbao iliyolowa kwa miezi huwa laini na hukatika vipande. Doa la maji kwenye jipsamu lenye mizunguko mingi, mmoja ndani ya mwingine, huonyesha kulowa na kukauka mara nyingi, ilhali doa moja pana lisilo na mizunguko huelekea kuonyesha tukio moja. Misumari iliyoota kutu nzito, rangi iliyobanduka kwa tabaka, na ukungu uliotapakaa mbali na mahali bomba lilipo, vyote hivyo huzungumzia muda mrefu. Ukungu peke yake, hata hivyo, si kithibitisho. Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani hushauri vitu vilivyolowa vikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 ili ukungu usiote, na hilo linamaanisha kwamba ukungu unaweza kuwapo katika hasara changa kabisa. Ikiwa mtathmini alikuja siku kadhaa baada ya dari kuanguka, ukungu aliouona huenda uliota wakati mkimsubiri.

Kwa hiyo, kile kipande cha bomba kilichotoboka msikitupe. Ikiwa fundi amekichukua, mwombeni leo akirudishe, kwa kuwa umbo la tundu na rangi ya shaba kulizunguka vinaweza kumweleza mtaalamu kama lilikuwa likitoa matone kwa muda au lilifunguka ghafla. Mwombeni pia fundi aandike, kwa maneno yake na kwa sahihi yake, alichokiona alipofungua ukuta: tundu lilikuwa wapi, maji yalitoka kwa nguvu gani, mbao za ndani zilikuwa katika hali gani. Kusanyeni bili za maji za mwaka uliopita. Bomba hilo, tofauti na la majitaka, hubeba maji yenye msukumo saa zote, na tundu lililovuja kwa miezi kwa kawaida litaonekana katika mita. Bili zilizotulia hadi mwezi wa hasara ni ushahidi mzuri mno kwa upande wenu. Angalieni uwezekano mmoja tu: ikiwa tundu liko juu ya koki ya bafu, kwenye kipande kinachopanda hadi kichwa cha bomba la mvua, maji hupita hapo wakati mtu anaoga tu, na bili huenda isioneshe tofauti kubwa. Tafuteni na picha za jikoni katika simu zenu, hata zile za sikukuu ya mtoto ambazo dari inaonekana kwa nyuma. Picha yenye tarehe inayoonyesha dari safi wiki chache kabla ya kuanguka ina thamani kuliko maelezo marefu.

Kuhusu vigae vilivyoachia, nawasihi msilifiche jambo hilo wala msikubali lichanganywe na la bomba. Maji yanayopenya kati ya vigae watu wanapooga, kwa sababu saruji ya kuzibia imekwisha, kwa kawaida huhesabiwa kuwa suala la matunzo, na mikataba mingine hutaja wazi kwamba haiyalipii. Ikiwa sehemu ya sakafu ya bafu imeoza kwa njia hiyo, sehemu hiyo ni yenu. Lakini tundu la bomba liko ukutani, na dari iliyoanguka iko chini ya ukuta huo au karibu nao. Mchoro rahisi unaoonyesha bomba lilipo, vigae vilipolegea na dari ilipopasuka utasaidia kutenganisha hasara mbili ambazo, nahisi, mtathmini amezifunga katika furushi moja. Hata kama fundi wenu aliutaja uchakavu wa vigae kwa kupita tu, neno hilo huenda ndilo lililobeba uamuzi wote.

Mkifanikiwa, fidia itakuwa na sura ifuatayo. Dari ya jikoni, nyaya za taa zilizolowa, makabati, mbao za sakafu zilizoharibiwa na maji ya bomba, ukuta wa bafu uliovunjwa na ukaushaji wa nyumba kwa mashine vyote huingia. Bomba jipya na kazi ya kuliunganisha haviingii. Hapo Ohio ina kanuni nzuri ambayo watu wengi hawaijui: sehemu inayobadilishwa ikiwa hailingani na iliyobaki kwa ubora, rangi au ukubwa, kampuni inatakiwa kubadilisha kiasi kinachotosha kuleta mwonekano unaolingana kwa kadiri ya busara. Ikiwa kabati mbili kati ya nane zimeharibika na mtindo wake hautengenezwi tena, au vigae vya ukuta uliovunjwa havipatikani, msikubali kirahisi jiko au bafu la viraka. Kanuni hiyo imo katika kifungu kilekile cha 3901-1-54, na kukitaja kifungu kwa namba yake katika barua hubadilisha mazungumzo.

Katika hundi ya kwanza mtaona pungufu mbili. Ya kwanza ni kiasi mlichokubali kujilipia wenyewe kabla bima haijaanza kulipa, mathalani dola 1,000 au 2,500. Ya pili ni uchakavu: mikataba inayolipa gharama kamili ya kurudishia kitu kipya kwa kawaida hutoa kwanza thamani ya kitu kilivyokuwa siku ya hasara, kisha humalizia salio baada ya ukarabati kufanyika na risiti kuwasilishwa. Salio hilo husahauliwa na wengi, nalo lina muda wake wa kudaiwa. Isitoshe, kwa hasara ya jengo, jina la benki iliyowakopesha huandikwa kwenye hundi pamoja na majina yenu, kwa hiyo wasilianeni na benki mapema kuhusu utaratibu wake wa kuisaini au kuitoa fedha kwa awamu. Ukungu mara nyingi una ukomo wake mdogo, na dola 10,000 ni kiwango kinachoonekana mara kwa mara. Na ikiwa nyumba haikaliki wakati wa ukarabati, ziada ya gharama za kuishi kwingine hulipwa pia, mradi hasara yenyewe inalindwa.

Kwa kuwa swali lenu litasomwa na wengine wenye mabafu, niongeze mambo mawili yasiyowahusu ninyi moja kwa moja. Choo kinachofurika kwa sababu bomba kuu la majitaka limerudisha uchafu ndani ya nyumba hakilindwi na mkataba wa kawaida. Kuna nyongeza ya kununua kwa ajili hiyo, na ni vyema kumwuliza wakala bei yake. Pia familia nyingi zetu husafiri kwenda nyumbani Desemba kwa wiki kadhaa, wakati Ohio iko katika baridi kali. Mkizima kipasha joto ili kuokoa bili na mabomba yakaganda na kupasuka, kampuni itauliza kama mlichukua tahadhari ya kutosha kuidumisha nyumba katika joto au kufunga maji na kuyatoa mabombani. Fungeni maji kwenye koki kuu kabla ya kwenda uwanja wa ndege, na msizime kipasha joto.

Tukirudi kwenu, andikeni barua ya kupinga uamuzi, yenye tarehe, mkiambatanisha taarifa ya fundi, bili, picha na mchoro, na mkiomba madai yafunguliwe upya na mtathmini mwingine akague. Msisahau kwamba wakati wote huo mna wajibu wa kuzuia hasara isiongezeke: kaushieni nyumba, funikeni palipo wazi, na wekeni risiti. Kwa mujibu wa kanuni za Ohio, kampuni ina siku 15 za kukiri kupokea madai, na siku 21 tangu kupokea uthibitisho wa hasara uliokamilika kukubali au kukataa. Ikihitaji muda zaidi wa kuchunguza lazima iwajulishe kwa maandishi na kueleza sababu. Fedha ambayo haina ubishi hutakiwa kutoka ndani ya siku 10 baada ya madai kukubaliwa.

Wakikaa kimya au wakirudia maneno yaleyale, pelekeni malalamiko Idara ya Bima ya Ohio. Kufanya hivyo hakugharimu chochote. Idara hiyo haifanyi kazi ya hakimu katika ubishi wa ukweli, lakini kampuni hulazimika kuijibu kwa maandishi, na faili lililofungwa kwa haraka mara nyingi huangaliwa upya na mtu wa ngazi ya juu zaidi. Mkataba wenu huenda pia una kifungu cha kuteua wathamini wawili na mwamuzi. Kifungu hicho hutatua ubishi wa kiasi, na kwa kawaida hakifai pale kampuni inaposema kwamba haidaiwi kitu. Kuajiri mtathmini wa upande wenu anayelipwa kwa asilimia ya fidia ni jambo la kufikiria ikiwa hasara ni kubwa; kwa hasara ya dola elfu chache, asilimia hiyo pamoja na kiasi cha kujilipia zinaweza kumaliza faida yote. Kwa hasara iliyofika makabati na dari, wakili wa masuala ya bima anafaa kuonwa walau mara moja. Mahakama Kuu ya Ohio, katika shauri la Zoppo dhidi ya Homestead la mwaka 1994, iliamua kwamba kampuni inayokataa madai bila sababu ya msingi inayokubalika inavunja wajibu wake wa nia njema, na hilo linaweza kuongeza madai yenu zaidi ya bei ya ukarabati. Wakili ataweza kuwaambia kama uchunguzi mliofanyiwa umefikia ubaya huo.

Jambo la mwisho la kutafuta katika mkataba, na litafuteni wiki hii, ni muda wa kufungua shauri. Mikataba mingi huweka mwaka mmoja au miwili kuanzia siku ya hasara, na mazungumzo na kampuni, barua za kirafiki na hata malalamiko yaliyoko Idarani kwa kawaida hayausimamishi muda huo. Iandikeni tarehe hiyo, na mwonyesheni wakili siku mtakapomwona.